Fundi wa Baridi na Nyumba Yetu ya Kilimani

Miaka ile ya Zaire, mtu wa Kalemie akitaka kununua nyumba aliwauliza majirani kama parsele, kile kiwanja chenyewe, haina kesi, akapita biro ya ardhi kuangalia karatasi, kisha akamtafuta Fundi wa Baridi. Majirani waliweza kuficha, na karatasi ziliweza kuwa za uongo. Lakini sikuwahi kusikia mtu akisema Fundi wa Baridi alikosea kuhusu nyumba. Nilisikia wengi wakisema ana mdomo mbaya, na hilo ni kweli.

Kazi yake hasa ilikuwa mashini za baridi. Alitunza frigo za wafanyabiashara, chumba cha barafu cha samaki karibu na bandari, frigo ya chanjo ya hospitali, na zile klimatizeri za kupoza hewa ambazo Wazungu waliziacha kwenye kuta za nyumba za kilimani walipoondoka. Kukagua nyumba kulimjia tu. Watu walimwita atengeneze klimatizeri, naye akiingia aliitazama mashini kidogo, kisha akaanza kutazama dari, madirisha, upande wa jua. Mwenye nyumba akimwambia, "Fundi, mashini iko huku," yeye alijibu, "Mashini haina ugonjwa. Nyumba njo iko na homa."

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mabega yaliyoinama mbele kama ya mtu anayepita mlango mfupi. Mwaka mzima alivaa sweta ya sufu, hata saa ya jua kali ambapo sisi makarani tulikuwa tunafungua vifungo vya abakosi, ile suti ya serikali, kwa siri. Alisema mwili wake ulizoea chumba cha barafu, na akitoka nje joto linamwingia kama maji. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa kwa makelele ya kompresa. Kwa hiyo mashini alizisikiliza kwa mkono. Aliweka kiganja juu ya bati, akafunga macho, na sisi wengine tukanyamaza bila kuambiwa.

Nyumba hakuikagua mara moja. Alikuja alfajiri, akarudi saa tisa ya mchana, kisha akangoja siku ya mvua akaja tena. Ukimwambia una haraka, mwenye nyumba ana wateja wengine, alikuwa anasema, "Basi nenda ununue. Nyumba ya asubuhi na nyumba ya saa tisa haziko nyumba moja. Wewe unanunua ile umeona tu." Mfukoni alikuwa na kipimajoto kimefungwa katika kitambaa, na alikitundika katika kila chumba, hata chooni. Alinunua sigara moja, moja tu, ingawa hakuvuta. Aliiwasha, akaishika karibu na madirisha, karibu na milango, chini ya dari, akatazama moshi unaelekea wapi. Pale moshi ulipopinda ghafla aliweka alama ya chaki. Nyumba nyingine zilibaki na alama nyeupe kila ukuta, kama mtoto amezichezea, na mwenye kuuza alizifuta kwa hasira kabla mteja mwingine hajafika.

Alimwuliza mnunuzi maswali ambayo hayakumhusu. Watoto wanalala wapi? Nani anakohoa? Mama anapika ndani au nje? Kuna mzee anayekaa siku nzima kwenye kiti? Mimi mwanzoni nilidhani ni udadisi. Baadaye nilielewa kwamba nyumba kwake haikuwa nzuri au mbaya yenyewe. Ilikuwa nzuri au mbaya kwa mtu fulani.

Na mdomo wake. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alijijengea nyumba yenye vioo upande wote wa magharibi, akamwita Fundi achague mahali pa kuweka klimatizeri nne. Wageni walikuwa wamekaa saloni na vinywaji vyao. Fundi aliingia, akasimama katikati, jasho likaanza kumtoka kwenye paji la uso. Akasema, "Fuga kuku," akatoka. Hakurudi tena pale, hata alipotumiwa gari. Kijana mwingine aliyekuwa karibu kuoa alimwonyesha nyumba ndogo ya mabati bila dari. Fundi akamwambia mbele ya mchumba wake kwamba watu wawili wakilala humo watapendana mpaka saa nne ya asubuhi, halafu watagombana mpaka jua lizame. Mchumba alicheka. Kijana hakucheka, na nyumba hakuinunua.

Lakini usipomsikiliza, ukanunua nyumba aliyokukataza, hakukusamehe. Hakutukana. Aliacha kukusalimu tu. Alikukuta njiani akakupita kama nguzo ya umeme. Nilimfahamu mwalimu mmoja aliyenyimwa salamu hivyo miaka miwili kwa sababu ya chumba kimoja alichokipanga upande wa jua.

Na huyo huyo, yeye mwenyewe alikaa mtaa wa Kataki katika nyumba iliyokuwa na kila kosa alilowakemea watu. Bati lilikuwa chini, dari hakuna, dirisha moja, mlango unatazama jua la jioni. Niliingia humo mara mbili, na mara zote mbili nilitoka nikiwa na kichwa kizito. Mke wake, mama mnene mwenye sauti ya utani, asili yake milima ya juu ya Moba kule watu wanakoota moto asubuhi, alikuwa anaketi barza na kipande cha katoni anajipepea.

"Unaona, Papa?" aliniambia. "Muji muzima anakuja kumutafuta bwana yangu juu ya baridi. Miye ananikalisha ndani ya chungu."

Fundi akajibu bila kuinua kichwa, "Hii nyumba nilijenga mbele ya kujua."

"Na kisha kujua?"

Alikuwa anasafisha bomba la shaba kwa mchanga. Sikumwona akigusa nyumba ile hata siku moja.

Hakunywa kitu cha baridi. Hakuwa na frigo. Wanaume walipomnunulia bia aliomba ile iliyokaa juani, nao wakacheka. Alikuwa anaona aibu, nafikiri, kutumia kitu ambacho ni watu wachache waliokipata. Au labda alichoka nacho tu. Kuna mambo mengi juu yake ambayo najaza mwenyewe.

Jambo moja silijazi, kwa sababu nililiona. Siku moja umeme wa mji ulikatika, na mazutu ya kuendesha jenereta ya hospitali hayakuwapo. Muuguzi mkuu alikuja bandarini mbio, kanga begani, akimwita Fundi kwa jina lake. Nilikuwa kwenye dirisha la biro yangu. Fundi alikwenda naye hospitali, wakarudi na masanduku ya chanjo vichwani, yeye moja na muuguzi moja, wakateremka barabara ya mchanga hadi chumba cha barafu cha samaki, ambacho kilikuwa bado kina jenereta yake. Waliyaweka masanduku katikati ya samaki wa mikebuka. Chanjo zilikaa humo siku tano. Akina mama walilalamika kwamba watoto wao wamechanjwa dawa inayonuka samaki. Fundi aliposikia akasema, "Samaki haiue mutoto," na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona anafurahi kazini.

Sasa niseme juu yetu.

Nilikuwa karani bandarini. Mke wangu, Mama Feza, alikuwa anashona. Tulikuwa na watoto watatu, na wa kwanza, Feza, alikuwa na ugonjwa wa damu, ule ambao hospitali wanauita SS. Wanaoujua wanajua. Mtoto anacheza asubuhi, na jioni mifupa inamwuma mpaka hawezi kuguswa na shuka. Daktari alitwambia mambo mengi, lakini moja alilirudia: mtoto huyu asipigwe na baridi, na asikaushwe na joto. Anywe maji, alale mahali ambapo hewa haibadiliki ghafla. Tulipopanga chumba kule chini karibu na mto Lukuga, bati lilimchoma mchana na unyevu ulimwingia asubuhi. Kila baada ya wiki chache tulikuwa hospitali. Kwa hiyo tulipopata njia ya kununua nyumba, nyumba yetu ya kwanza, hatukuwa tunatafuta uzuri. Tulikuwa tunamtafutia Feza hewa.

Ndivyo nilivyowaambia watu. Ndivyo nilivyojiambia mwenyewe.

Nyumba ilikuwa kilimani, ya matofali, na barza inayotazama ziwa. Mgiriki mmoja aliijenga, na mali za wageni zilipogawiwa wenyeji ikaangukia mkononi mwa mtu mmoja mwenye vyeo, ambaye hakuwahi hata kuipaka rangi. Katika chumba kikubwa, kwenye ukuta wa upande wa ziwa, kulikuwa na klimatizeri. Kutoka barabarani uliiona imechomoza kama droo iliyosahauliwa wazi. Mtu akipita alijua: nyumba ile ina hewa ya baridi. Mwenye kuuza aliiwasha mbele yetu, ikanguruma, ikatupulizia usoni. Mama Feza alifunga macho. Mimi nilijiona tayari nimekaa humo na wageni.

Nikamwita Fundi.

Alikuja alfajiri, ikiwa ni mwisho wa mvua, kiangazi bado. Alikuja saa tisa. Akaja siku ya mvua ya mwisho, kubwa, akasimama saloni akisikiliza bati kwa sikio lake moja. Siku hiyo ya tatu alimwomba mwenye nyumba awashe klimatizeri. Aliweka kipimajoto mbele yake, kisha akatoka nje kwenye mvua, akaweka mkono nyuma ya mashini, akaniita.

"Weka mukono."

Nikaweka. Upepo uliotoka ulikuwa wa kawaida.

"Inakuwa namna gani?"

"Haina kitu," nikasema.

"Njo vile. Hii mashini haitengenezi baridi. Inachukua joto ya ndani, inaitupa inje. Kama nyuma haitupi joto, mbele inakudanganya. Gazi iliisha, kompresa ilikufa. Imebaki ventilateri tu, inapuliza upepo."

Mwenye nyumba akasema inahitaji kusafishwa. Fundi hakumtazama. Aliwasha sigara yake akaishika pembeni ya mashini, pale ilipokutana na ukuta. Mgiriki alikata tundu kubwa kuliko mashini na kuziba pembeni kwa katoni, na katoni ilikuwa imelika. Moshi haukupanda. Ulirudi ndani wote, kama umevutwa kwa uzi, ukapita juu ya mahali ambapo tulikuwa tumekwisha kusema tutaweka kitanda.

"Na hii haiko hata upepo," akasema. "Kiangazi ikifika, mwezi wa sita, wa saba, upepo ya ziwa itakuja kugonga ule ukuta kila asubuhi. Papa Feza, usinunue."

Nilimwuliza kama hakuna namna. Alikifunga kipimajoto katika kitambaa chake. Kisha akanitolea masharti, na alizungumza na mke wangu zaidi kuliko na mimi. Ya kwanza, klimatizeri itolewe na tundu lizibwe kwa matofali kabla hata ya kuhamia. Ya pili, mtoto alale chumba kidogo nyuma ya jiko, kwa sababu ukuta wake unashiriki bomba la moshi, unabaki na uvuguvugu mpaka asubuhi, na jua la saa tisa halikifikii. Ya tatu, tutoboe matundu ya hewa juu ya dari, pande mbili, joto la bati litoke. Na tusimwekee mtoto mbabula, lile jiko la makaa, ndani ya chumba kilichofungwa, hata akitetemeka, kwa sababu makaa yanaua kimya.

"Ukifanya hii yote, itakuwa nyumba ya mutoto," akasema. "Ukiacha moja, usiniite."

Nikanunua. Nilitoboa matundu ya dari wiki ya kwanza, na kweli saloni ilipoa. Nilijivuna kwa hayo matundu. Lakini klimatizeri sikuitoa.

Nitasema kwa nini, maana nimekuwa na miaka ya kutafuta sababu nyingine na sikuipata. Wenzangu wa biro walikuja kutembea. Mmoja alisimama barabarani akaonyesha kidole, akasema, "Karani amefika." Mkubwa wangu mwenyewe hakuwa na klimatizeri. Niliiwasha walipokuja, ikanguruma, wakageuza nyuso zao kwake wakasema ah. Walijua? Labda. Nilijiambia kwamba siku moja nitapata gazi, Fundi ataifufua, na itakuwa hasara kuwa nimeliziba tundu. Niliongeza katoni mpya pembeni. Nilipigilia misumari.

Na Feza alikitaka kile chumba kikubwa. Alikuwa na miaka tisa. Chumba cha nyuma ya jiko alisema kinanuka samaki wa ndagala. Kutoka kitandani kwenye chumba kikubwa aliweza kuona ziwa, na meli zikiingia, na alizihesabu, akanisubiri jioni aniambie ngapi, mimi nimwambie kama ni kweli. Mama yake alikataa.

"Fundi alisema chumba ya jiko."

"Kiangazi ikifika tutamuhamisha," nikajibu.

Fundi aliona. Nyumba iko juu ya barabara inayokwenda hospitali, hakuweza kukosa kuona. Siku ya kwanza tulipokutana sokoni baada ya hapo nilimwamkia, "Yambo, Fundi." Akanipita. Nikacheka mbele ya watu, nikasema mzee ana kichaa chake.

Kiangazi kilifika. Tulimhamisha Feza siku mbili, akalia, akarudi. Asubuhi moja ya mwezi wa saba niliamka nikasikia katoni inapiga ukutani, tap, tap, upepo unaichezea. Shuka la mtoto lilikuwa baridi kama limefuliwa. Alikuwa macho. Hakulia. Aliniambia, "Papa, miguu." Akasema miguu tu.

Tulimpeleka hospitali mgongoni mwa mama yake. Maji ya mshipa yalikuwa chupa moja. Damu ya kumwongeza haikupatikana. Ndugu yangu mmoja alijitolea, na tukiwa bado tunangoja vifaa vya kuipima, ilikuwa saa sita ya mchana, jua kali nje, mama wengine wanachota maji kwenye bomba la ua, Feza alikufa. Mke wangu alikuwa anamsugua magoti. Aliendelea kuyasugua muda mrefu.

Siku ya tatu ya kilio, watu wakiwa wamekaa kwenye mikeka parselini, Fundi aliingia na toroli. Ndani yake mlikuwa na matofali, simenti nusu mfuko, mwiko na ndoo. Hakuwasalimu wanaume. Alikwenda moja kwa moja chumba kikubwa. Tulisikia misumari inang'olewa, kisha kishindo. Aliitoa ile mashini peke yake, akaibeba mpaka kwenye ua wa nyuma akaiweka chini ya ukuta kama mtu anavyomtua mgonjwa. Akachanganya simenti. Hakuna aliyemsaidia, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Alijenga tofali kwa tofali, akalainisha kwa kiganja. Chumba kikawa na giza kidogo upande ule.

Mke wangu alimletea maji ya kunywa. Aliyanywa amesimama. Akasema, "Pole, Mama." Mimi nilikuwa mlangoni. Alinipita, lakini safari hii alinitazama, na sikuweza kujua ni hasira au ni nini. Hakusema neno kwamba alinionya. Nilingoja aliseme. Wiki nyingi niliamka nikingoja aje anigombeze, na kama angekuja nadhani ningempigia magoti.

Baada ya hapo kila kitu kilikwenda chini, chake na cha mji. Vipuri havikuja tena. Gazi haikuja. Frigo za wafanyabiashara ziligeuka makabati ya kuwekea nguo, na nyingine wanawake walizilaza chali wakapanda vitunguu ndani. Treni ya kutoka Nyunzu ilikuja ilipotaka. Mwishowe jenereta ya chumba cha barafu ilisimama, na nilikuwa miongoni mwa watu waliokusanyika pale mlango ulipofunguliwa. Harufu iliturudisha nyuma sote. Fundi peke yake aliingia, akatembea mpaka ukuta wa mwisho, akaweka kiganja pale, akakaa hivyo. Akatoka.

"Sasa ni chumba tu," akasema.

Watu hawakununua nyumba tena, au walionunua hawakuuliza habari ya hewa. Nilimwona mara kwa mara akitengeneza mbabula za bati barazani kwake, yeye aliyeogopa makaa. Mke wake alifariki katika ile ile nyumba ya joto. Nilikwenda kilio. Tulikaa mkeka mmoja tangu asubuhi mpaka adhuhuri na hatukusemezana.

Mara ya mwisho ilikuwa katika mwaka ule wa mwisho wa Zaire, watu wakisema vita inakuja na kila mtu akimwuliza mwenzake inatokea upande gani. Nilikuwa bado nakaa kwenye meza ya bandari nikiandika abiria, ingawa sikujua tena namwandikia nani. Asubuhi ilikuwa na mwanga mzuri. Boti ya Moba ilikuwa imejaa magunia na watu. Foleni ikasogea, nikainua kichwa, na aliyesimama mbele yangu alikuwa yeye, na kifurushi kimoja.

"Unakwenda wapi, Fundi?"

"Moba. Kisha milimani, kwa ndugu za marehemu muke wangu. Wananiita."

Nikaandika jina lake. Nilidhani atachukua karatasi aende, lakini alibaki ameshika ukingo wa meza. Nyuma yake watu wakaanza kunung'unika. Akainama ili sikio lake zima liwe upande wangu.

"Papa Feza. Ile mwaka nilikuwa napita pale kila siku."

"Pale wapi?"

"Chini ya nyumba yako. Nilikuwa naenda ku hospitali kuangalia frigo. Niliona mashini iko mu ukuta. Nikasema, ataitoa. Kiangazi ikaingia, naiona tu. Matofali nilikuwa nayo nyumbani. Simenti nilikuwa nayo. Yote ile nilileta kisha, ilikuwako tayari."

Niliweka kalamu mezani.

"Nilikuwa nakungojea uje uniombe," akasema. "Nilisema, huyu karani ajue kwanza. Asubuhi moja, siku chache mbele ya kilio, nilisikia mutoto analia kule juu. Nilisimama. Nilijua ni baridi. Kisha nikaendelea na njia." Sauti ilikuwa ile ile ya mtu anayetoa hesabu ya ukuta. "Tangu ile siku najiuliza: ingenipunguzia nini kupanda, kuziba, kushuka? Ni kazi ya nusu siku. Nilimuhukumu baba, mutoto njo akalipa."

Nilijua la kumjibu. Lilikuwa fupi na lilikuwa la kweli: Fundi, ulinionya, mimi ndiye baba, kosa ni langu. Maneno hayo nilikuwa nimeyasema peke yangu miaka na miaka, mbele ya ukuta ule, na sasa alikuwapo mtu ambaye yangemfaa. Angepanda boti akiwa mwepesi. Alikuwa ananitazama, anayangoja.

Lakini niseme kilichonipata. Nilipomsikia, kitu kilichokuwa kimenikaba kifuani kililegea kidogo, kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimelibeba lile jambo peke yangu. Mke wangu hakuwahi kunilaumu kwa mdomo, na kimya chake kilikuwa kizito kuliko lawama. Sasa nilikuwa na mwenzangu. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo nikamwambia hana kosa, lote litanirudia.

Mtu wa nyuma akasema, "Wazee, boti inaondoka." Honi ikalia. Fundi aliachia ukingo wa meza. Alichukua karatasi yake, akaikunja mara mbili, akangoja kidogo tena. Kisha akainua kifurushi, akatembea kwenye ubao mpaka ndani ya boti, mabega mbele, na watu wakampisha mahali pa kukaa kati ya magunia ya chumvi.

Boti haikuondoka mara ile. Walikuwa wanagombana na kapiteni juu ya mizigo, na kamba ilikaa imefungwa muda wa kutosha mimi kusimama, kuzunguka meza na kwenda hatua ishirini. Nilimwona vizuri. Alikuwa ametazama upande wangu. Nilishika kalamu, nikamwuliza abiria anayefuata jina lake.

Nikamwacha aende nalo, lile kosa.